Kupima Kutoshiba kwa Mafuta ya Kula katika Maabara ya Wanafunzi: Namba ya Iodini kati ya Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kiwango cha kutoshiba kwa mafuta ya kula kinavyopimwa katika maabara ya kawaida ya wanafunzi wa kemia kwa njia ya namba ya iodini, na yanabainisha kile ambacho namba hiyo inaweza na kile ambacho haiwezi kumweleza mshauri wa sera. Mfano unaoongoza mjadala ni mafuta yanayouzwa na kutumiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na nafasi ya maabara za vyuo vya Mbarara katika kuyachunguza. Makala yanajenga hoja kwamba kipimo hiki hakihitaji mitambo ya gharama kubwa na kinaweza kuaminika kikifanywa kwa uangalifu. Hata hivyo, hujibu swali moja tu: katika mafuta haya, mna bondi maradufu ngapi? Anayekitumia kujibu maswali ya uhalisi, usalama au ubora wa lishe bila vipimo vingine anaweza kumhukumu mfanyabiashara asiye na kosa au kuyapitisha mafuta yaliyochanganywa. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu uchukuaji wa sampuli, uandishi wa matokeo na lugha ya kuyawasilisha kwa jamii inayohusika.

Maneno muhimu: namba ya iodini, kutoshiba, mafuta ya kula, maabara ya wanafunzi, Nakivale, Mbarara

1.0 Utangulizi

Makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianza kwa kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wanaishi humo watu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha watu hao sokoni, zahanatini na shuleni. Mji mkubwa ulio karibu ni Mbarara, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ambako kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989, pamoja na taasisi nyingine za elimu ya juu.

Kwa muda mrefu mgawo wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulijumuisha nafaka, kunde, chumvi na mafuta ya mimea yaliyoongezewa vitamini. Mafuta ya namna hiyo hukaguliwa kabla ya kuifikia kaya. Hali hubadilika msaada unapotolewa kwa fedha taslimu, au mgawo unapopunguzwa kama ilivyotokea tangu mwaka 2023, kaya zilipoanza kupangwa katika makundi kulingana na uhitaji. Kaya inayonunua mafuta yake yenyewe hubeba pia mzigo wa kujua inachonunua. Mafuta hayo mara nyingi hutoka katika dumu la lita 20, hupimwa kwa kikombe na kutiwa katika chupa au mfuko ambao hauna maandishi yoyote. Jina la mafuta ni neno la muuzaji, na ushahidi alio nao mnunuzi ni rangi, harufu na mazoea.

Hapo ndipo maabara ya wanafunzi inapoweza kuwa na faida nje ya kuta za darasa. Vifaa vya kupimia namba ya iodini ni bureti, pipeti, chupa za koni, mizani na vitendanishi vichache. Hakuna kinachohitajika ambacho mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kemia hawezi kufundishwa kukitumia. Kwa sababu hiyohiyo kipimo hiki kina hatari yake: urahisi wa kupata namba unaweza kumfanya mtu asahau kuuliza namba hiyo inasema nini. Makala haya yanaanza na kemia ya kipimo, yanaendelea na utaratibu wake, kisha yanachunguza makosa yanayoingia katika upimaji na katika tafsiri.

2.0 Maana ya Kutoshiba na Kinachohesabiwa

Sehemu kubwa ya mafuta ya kula ni trigliseridi, yaani molekuli za gliseroli zilizoungana na asidi tatu za mafuta. Kila asidi ya mafuta ni mnyororo wa atomi za kaboni. Kaboni za mnyororo zikiwa zimebeba hidrojeni zote zinazoweza kuzibeba, asidi hiyo huitwa iliyoshiba. Palipo na kaboni mbili zilizounganishwa kwa bondi maradufu, nafasi mbili za hidrojeni hubaki wazi, na asidi hiyo huitwa isiyoshiba. Asidi ya steariki haina bondi maradufu, asidi ya oleiki ina moja, asidi ya linoleiki ina mbili na asidi ya linoleniki ina tatu.

Bondi maradufu huweza kupokea halojeni. Namba ya iodini ni gramu za iodini zinazoweza kupokewa na gramu 100 za mafuta. Hesabu ya molekuli safi huonyesha maana yake. Trioleini, yenye asidi tatu za oleiki, ina bondi maradufu 3 na uzito wa gramu 885.4 kwa moli. Kila bondi hupokea molekuli moja ya iodini yenye uzito wa gramu 253.8 kwa moli. Kwa hiyo namba yake ya iodini ni 3 × 253.8 × 100 ÷ 885.4, yaani 86. Trilinoleini, yenye bondi 6, hufikia takriban 173, na tristearini, isiyo na bondi maradufu hata moja, hubaki 0. Mafuta halisi ni mchanganyiko wa molekuli za namna nyingi, na namba yake ni wastani wa mchanganyiko huo.

Neno wastani lina uzito mkubwa katika mjadala huu. Mafuta yenye namba 86 yanaweza kuwa karibu yote ni asidi ya oleiki. Yanaweza pia kuwa nusu yamejaa linoleiki na nusu yameshiba kabisa. Namba ya iodini haiwezi kuitofautisha hali ya kwanza na ya pili.

Kihistoria, kipimo hiki kiliwekewa msingi na Arthur von Hübl wa Austria mwaka 1884, aliyetumia iodini pamoja na kloridi ya zebaki. Mwaka 1898 Mholanzi J. J. A. Wijs alipendekeza monokloridi ya iodini katika asidi ya asetiki isiyo na maji, na mwaka 1901 Josef Hanuš alipendekeza monobromidi ya iodini. Sababu ya kuacha iodini tupu ni kwamba huungana na bondi maradufu polepole mno na mmenyuko wake haukamiliki. Monokloridi ya iodini ina nguvu zaidi, na matokeo yake hubadilishwa kwa hesabu kuwa gramu za iodini. Njia ya Wijs ndiyo iliyo katika kiwango cha kimataifa ISO 3961, na ndiyo inayofuatwa katika makala haya.

3.0 Utaratibu wa Kipimo

Mwanafunzi hupima uzito wa mafuta kulingana na namba inayotarajiwa. Kwa mafuta yenye namba kati ya 50 na 100 huchukua takriban gramu 0.20, na kwa yale ya kati ya 100 na 150 huchukua takriban gramu 0.13. Mafuta huyeyushwa katika mchanganyiko wa sikloheksani na asidi ya asetiki kwa ujazo ulio sawa. Vitabu vya zamani vya maabara hutaja tetrakloridi ya kaboni. Kimiminika hicho ni sumu na huharibu tabaka la ozoni, na matumizi yake yamewekewa vizuizi na Itifaki ya Montreal. Hakipaswi kurudishwa maabarani kwa kisingizio kwamba mwongozo wa zamani unakitaja.

Mililita 25 za kitendanishi cha Wijs huongezwa kwa pipeti yenye balbu, kamwe si kwa kuvuta kwa mdomo. Chupa hufungwa na kuwekwa gizani kwa saa moja, au saa mbili kwa mafuta yenye namba inayozidi 150. Giza huzuia mwanga kuanzisha mimenyuko mingine ambayo ingetumia halojeni bila kugusa bondi maradufu. Baada ya muda huo huongezwa mililita 20 za mmumunyo wa iodidi ya potasiamu na mililita 150 za maji. Monokloridi iliyobaki hubadilika kuwa iodini, na iodini hiyo hupimwa kwa titresheni, yaani kwa kudondoshewa mmumunyo wa thiosalfeti ya sodiamu wa moli 0.1 kwa lita kutoka kwenye bureti. Rangi ya manjano inapokaribia kutoweka huongezwa wanga. Rangi ya buluu hutokea, kisha hupotea kwa matone machache ya mwisho.

Sambamba na sampuli hufanywa kipimo tupu, chenye kila kitu isipokuwa mafuta. Tofauti ya ujazo wa thiosalfeti kati ya kipimo tupu na sampuli ndiyo iodini iliyopokewa. Kanuni ni:

namba ya iodini = 12.69 × c × (V1 − V2) ÷ m

ambapo c ni moli za thiosalfeti kwa lita, V1 ni mililita zilizotumika katika kipimo tupu, V2 ni mililita zilizotumika katika sampuli, na m ni gramu za mafuta. Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba m ni 0.130, c ni 0.1000, V1 ni 49.20 na V2 ni 35.90. Tofauti ni mililita 13.30, na namba ya iodini ni 129.8. Mafuta halisi ya alizeti ya kawaida yanaweza kutoa namba ya namna hii.

Uangalizi mmoja wa haraka unapaswa kuwa desturi: sampuli isitumie zaidi ya nusu ya kitendanishi. Ikizidi hapo, halojeni iliyobaki huenda isitoshe kukamilisha mmenyuko, na kipimo kirudiwe kwa mafuta machache zaidi.

4.0 Mahali Namba Inapopotea

4.1 Dumu kabla ya maabara

Kosa kubwa kuliko yote linaweza kutokea kabla chupa ya sampuli haijafika Mbarara. Mafuta ya mawese yana sehemu inayoganda na sehemu inayobaki kimiminika. Nyanda za Isingiro na Mbarara ziko juu kiasi cha usiku kuwa na ubaridi, na dumu la mawese lililokaa bila kutikiswa hujitenga: sehemu iliyoshiba zaidi, iitwayo stearini, hushuka chini, na oleini hubaki juu. Kwa viwango vya Codex, oleini ya mawese ina namba ya iodini isiyopungua 56, ilhali stearini haizidi 48. Wateja wawili wa dumu moja, mmoja wa asubuhi na mwingine wa mwisho wa siku, wanaweza kwenda nyumbani na mafuta yenye namba tofauti ilhali muuzaji hakuongeza wala hakupunguza kitu.

Kwa hiyo sampuli ya mafuta yanayoganda haichotwi juu ya dumu. Mafuta hupashwa moto kidogo mpaka yayeyuke yote, huchanganywa, kisha huchotwa. Pale ambapo dumu haliwezi kupashwa moto, huchukuliwa sampuli za juu, katikati na chini, na jambo hilo huandikwa. Chupa ya sampuli iwe ya kioo cheusi au ifungwe kwa karatasi, ijazwe hadi juu ili kupunguza hewa, na isafirishwe mbali na jua.

4.2 Mizani

Mizani inayosoma hadi gramu 0.01 tu ni ya kawaida katika maabara nyingi za kufundishia. Kwa sampuli ya gramu 0.13, shaka ya gramu 0.005 ni karibu asilimia 4 ya uzito wote. Kwa mafuta yenye namba 130, hiyo ni shaka ya takriban vizio 5. Hakuna umakini wa titresheni unaoweza kulifuta kosa hilo.

Lipo suluhisho lisilohitaji mizani mpya. Mwanafunzi apime gramu 1.30 za mafuta, ayayeyushe na kuyafikisha mililita 100 katika chupa ya ujazo, kisha achukue mililita 10 za mmumunyo huo kwa pipeti. Kiasi cha mafuta ni kilekile cha gramu 0.13, lakini shaka ya mizani sasa ni chini ya asilimia 0.4, yaani takriban nusu kizio. Kipimo tupu nacho kipewe mililita 10 za kiyeyushi hichohicho. Kwa upande wa bureti, kosa la mililita 0.1 katika kusoma huleta kosa la karibu kizio kimoja kwa sampuli ya ukubwa huo, na hivyo vipimo viwili au vitatu vya sampuli moja ni vya lazima.

4.3 Kipimo tupu na joto la chumba

Asidi ya asetiki hutanuka kwa joto zaidi ya maji, kwa takriban sehemu 1 katika 1,000 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Darasa likifanya kipimo tupu asubuhi chumba kikiwa na nyuzi 20, kisha likapima sampuli alasiri kikiwa na nyuzi 25, mililita 25 za alasiri zitakuwa na kitendanishi pungufu kwa takriban asilimia 0.5. Kwa kipimo tupu cha mililita 49, upungufu huo ni kama mililita 0.27 za thiosalfeti. Hesabu itauhesabu kana kwamba umepokewa na mafuta, na namba ya sampuli ya gramu 0.13 itapanda kwa zaidi ya vizio 2.5. Kipimo tupu hakiazimwi kutoka kundi jingine wala kutoka siku nyingine.

4.4 Rangi ya mawese

Mawese mekundu, yanayopendwa sana na kaya zenye asili ya Kongo na Burundi, huleta mashaka mawili. La kwanza ni la macho: tabaka la kiyeyushi hubaki na rangi ya chungwa, na mwanafunzi anaweza kudhani iodini haijaisha. Jibu ni kuangalia buluu ya wanga katika tabaka la maji na kutikisa chupa kwa nguvu karibu na mwisho. La pili ni la kinadharia: je, karotini yenye bondi maradufu 11 haipandishi namba? Karotini safi ingeweza kufikia namba ya takriban 520, lakini kiasi chake katika mawese mekundu ni kama sehemu 500 hadi 700 katika milioni. Hata bondi zake zote zikiitikia, hazingeongeza zaidi ya takriban 0.3 hadi 0.4. Rangi nyingi haimaanishi kutoshiba kwingi.

5.0 Namba Moja, Maswali Mengi

Jedwali 1 linaonyesha mipaka ya kawaida ya namba ya iodini kwa mafuta yanayojulikana katika masoko ya Afrika Mashariki.

Jedwali 1: Mipaka ya kawaida ya namba ya iodini

| Mafuta | Namba ya iodini |
|---|---|
| Nazi | 6.3–10.6 |
| Kiini cha mawese | 14.1–21.0 |
| Mawese | 50–55 |
| Oleini ya mawese | 56 au zaidi |
| Alizeti yenye oleiki nyingi | 78–90 |
| Karanga | 86–107 |
| Pamba | 100–123 |
| Ufuta (simsim) | 104–120 |
| Alizeti ya kawaida | 118–141 |
| Soya | 124–139 |

Jedwali hili husaidia sana pale tofauti inapokuwa kubwa. Mafuta yanayouzwa kwa jina la alizeti yakitoa namba 57, si alizeti. Ugumu huanza katikati.

Kwanza, michanganyiko hujificha. Nusu kwa nusu ya alizeti yenye namba 130 na oleini ya mawese yenye namba 58 hutoa 94, na 94 iko ndani kabisa ya mipaka ya karanga. Aliyepewa namba hiyo peke yake hawezi kujua kama ana karanga halisi au mchanganyiko wa bei nafuu zaidi.

Pili, mipaka ya asili ni mipana. Alizeti halisi yenye namba 135 inaweza kuongezewa oleini ya mawese hadi takriban asilimia 22 kabla namba haijashuka chini ya 118. Alizeti nyingine, iliyo halisi vilevile lakini yenye namba 120, itavuka mpaka ikiongezewa zaidi kidogo ya asilimia 3. Kipimo kilekile humwachia muuzaji wa kwanza na kumnasa wa pili. Ubaya zaidi ni kwamba alizeti ya mbegu zenye oleiki nyingi, ambayo namba yake ni 78 hadi 90, itaonekana bandia ikilinganishwa na mstari wa alizeti ya kawaida. Njia ya kupunguza dhuluma hii ni kupima pia sampuli ya rejea kutoka kwa mkamuaji au msambazaji wa shehena hiyohiyo, badala ya kutegemea jedwali pekee.

Tatu, namba ya iodini haipimi kuchacha. Katika hatua za mwanzo za kuoza kwa oksijeni, mafuta hutengeneza peroksidi huku bondi maradufu nyingi zikibaki. Namba hupungua kidogo tu ilhali ubora umeshaanza kuporomoka. Habari njema ni kwamba namba ya peroksidi hupimwa kwa bureti, iodidi, wanga na thiosalfeti zilezile. Codex huweka kikomo cha miliekwivalenti 10 za oksijeni kwa kilo kwa mafuta yaliyosafishwa, na 15 kwa mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa. Maabara inayoweza kufanya kipimo kimoja inaweza kufanya na cha pili.

Nne, haitofautishi maumbo ya bondi. Bondi ya trans, inayotokana na mafuta kuongezewa hidrojeni kwa sehemu, hupokea iodini kama bondi ya asili. Shirika la Afya Duniani, lililozindua mwaka 2018 mpango wa kuondoa mafuta ya trans ya viwandani, hushauri trans isizidi asilimia 1 ya nishati yote ya mlo. Namba ya iodini haiwezi kusimamia kikomo hicho.

Tano, haisemi chochote kuhusu vitamini. Uganda imeweka masharti ya kuongeza vitamini A katika mafuta ya kula ya viwandani, lakini kiasi kinachoongezwa ni kidogo mno kuonekana katika kipimo hiki, na upungufu wake hauonekani pia.

Mwisho, na kwa mshauri wa sera huenda ndilo la msingi, namba kubwa si cheti cha ubora wa lishe. Ni kweli kwamba miongozo ya afya hushauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati. Hata hivyo, kila gramu ya mafuta, ya mawese au ya alizeti, hutoa takriban kilokalori 9, na katika kaya ambayo mgawo wake umekatwa, nishati hiyo ndiyo hitaji la kwanza. Mawese mekundu yasiyosafishwa, yenye namba ndogo ya iodini, hubeba karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ripoti inayopanga mafuta ya soko la Nakivale kutoka "bora" hadi "duni" kwa kufuata namba ya iodini itakuwa imepima kwa usahihi na kushauri vibaya.

6.0 Lugha ya Kurudisha Matokeo

Wanafunzi wa kemia nchini Uganda hufundishwa kwa Kiingereza, na ripoti zao huandikwa kwa lugha hiyo. Wauzaji na wanunuzi wa Nakivale wengi hawataisoma. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa Julai 2022 wa kukipokea Kiswahili kama lugha rasmi unatoa sababu zaidi ya kuandika muhtasari wa matokeo kwa lugha inayoeleweka sokoni.

Hata hivyo, kutafsiri hakutoshi. Neno kushiba katika Kiswahili cha kila siku ni la tumbo kabla ya kuwa la kaboni. Mama anayeambiwa kwamba mafuta yake "hayajashiba" anaweza kuelewa kwamba hayashibishi, au kwamba kikombe hakikujazwa. Na anayesikia kwamba mawese "yameshiba" anaweza kuona ni sifa. Katika makazi ambako kupungua kwa chakula ni habari ya kila mwezi, mkanganyiko huu unaweza kuzaa uvumi. Istilahi kutoshiba inafaa kubaki katika maandishi ya kitaalamu, maana imeshazoeleka. Katika taarifa kwa umma ni salama zaidi kusema waziwazi: "Mafuta haya yana sifa za alizeti," au "Mafuta haya yanaonekana kuwa na mchanganyiko, kipimo zaidi kinahitajika," au "Mafuta haya yameanza kuchacha."

Faragha nayo ni sehemu ya lugha. Sampuli zipewe namba za siri, na kibanda kilikotoka kisitajwe katika ripoti ya darasa. Mfanyabiashara mdogo aliyekimbilia Nakivale ana mtaji wa dumu moja au mawili. Jina likishatangazwa, uthibitisho wa baadaye hauwezi kumrudishia wateja.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Namba ya iodini ni kipimo chenye umri wa zaidi ya karne moja ambacho bado kinafaa, hasa mahali ambapo mitambo ya kromatografia iko mbali au ni ghali. Maabara ya wanafunzi ya Mbarara inaweza kuyapima mafuta ya Nakivale na kupata namba inayoaminika. Thamani ya namba hiyo hutegemea mambo mawili: uangalifu wa aliyeipima na unyenyekevu wa anayeitafsiri. Kwa msingi huo, makala yanapendekeza yafuatayo.

(i) Kila matokeo yaandikwe pamoja na uzito wa sampuli, kipimo tupu cha saa ileile, joto la chumba na tofauti kati ya vipimo vya marudio.

(ii) Mafuta yanayoganda yayeyushwe na kuchanganywa kabla ya kuchotwa, na namna yalivyochotwa ielezwe.

(iii) Namba ya iodini isitolewe peke yake. Iambatane na namba ya peroksidi na namba ya asidi, ambazo zote hupimwa kwa bureti.

(iv) Ulinganisho ufanywe na sampuli ya rejea ya shehena hiyohiyo kila inapowezekana.

(v) Namba ya maabara ya wanafunzi itumike kuchagua sampuli za kuchunguzwa zaidi. Isitumike kutwaa mali wala kutoza faini. Mashaka yapelekwe kwa Shirika la Viwango la Taifa la Uganda, lenye mamlaka ya kisheria.

(vi) Mabaki yenye halojeni na viyeyushi yakusanywe na kuteketezwa kwa utaratibu maalumu. Yakimwagwa katika mabomba ya Mbarara yanaweza kufika Mto Rwizi, unaopita jijini humo na kuelekea mfumo wa ardhi oevu za Mburo na Nakivale, na hivyo kuwafikia walewale ambao kipimo kilikusudiwa kuwasaidia.

(vii) Muhtasari wa matokeo urudishwe kwa Kiswahili chepesi kwa waliotoa sampuli, kabla ya kufika kwa mtu mwingine yeyote.